Unakuja Kigoma likizo? Angalia mwezi kwanza

Kabla hujakata tiketi ya kuja Kigoma angalia mwezi, namaanisha ule wa angani sio wa mshahara. Wavuvi wa dagaa huku wanatoka usiku na taa, na taa inavuta dagaa kukiwa na giza, mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi inapumzika. Ukija siku za giza usiku unakaa sehemu yoyote ya mwinuko unaona taa zimejaa Ziwa Tanganyika utadhani kuna mji mwingine umeota katikati ya maji, afu asubuhi unashuka mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inaposhushia dagaa, unakuta mzigo unaanikwa mchangani na kina mama wanaugeuza geuza. Ukija mwezi mpevu hayo unayakosa, halafu unaenda kuwaambia watu Kigoma pamepoa.

Msimu nao una mambo yake. Juni mpaka Septemba ni kiangazi, mvua hamna na njia hazina tope, ila ndo kipindi cha upepo wa kusini, kuna siku ziwa linachafuka mpaka boti ndogo hazitoki. Na kuna hili wageni wengi hawalijui: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo kama unakuja katikati ya mwaka ulizia kwanza, usije ukafika na hamu yako ya samaki wa huku, migebuka fresh, ukaambiwa subiri.

Haya, fukwe. Kwa kuogelea mi nakwambia nenda Jakobsen, ipo nje kidogo ya mji ukipita upande wa Katonga, kuna kiingilio, bodaboda au bajaji inakufikisha ila panga naye kabisa saa ya kukurudia. Ni kighuba kidogo chenye miamba pembeni, mchanga safi, maji angavu, na ukiwa na miwani ya kuogelea usiache kuivaa maana wale samaki wadogo wa rangi rangi kwenye mawe, wengi hawapatikani popote duniani zaidi ya ziwa hili. Chakula beba mwenyewe na kifunge vizuri, nyani na tumbili wa huko hawaombi. Waliozoea bahari wa Dar na Tanga wajue kitu kimoja, hapa hakuna kupwa na kujaa, lakini kina kinashuka haraka hasa kwenye miamba, hili ziwa kwenye sehemu yake ya chini kabisa linafika mita 1,470 hivi, duniani linazidiwa na Baikal tu. Mtoto asiyejua kuogelea asiachwe na "nipo namuangalia" huku uko kwenye simu. Na picha za fukwe za zamani zisikudanganye, maji yalipanda sana kuanzia mwaka 2020, kuna sehemu mchanga ulioonekana pichani sasa hivi uko chini ya maji.

Kichocho kipo, tusidanganyane. Konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, hasa karibu na makazi ya watu, kwa hiyo oga sehemu ya wazi yenye mawimbi na mawe, hapo hatari inapungua ila haiishi, ukirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa kapime, dawa ipo na inatibu. Mamba je? Mamba wapo, na zaidi uwaogope kwenye midomo ya mito, yani Luiche kule kusini ya Ujiji na Malagarasi upande wa Ilagala. Hayo maeneo ni ya kuangalia ndege na mashamba ya mpunga, sio ya kuvua nguo. Muulize mvuvi, akisema hapa hatuogi basi hapo haogwi, usianze kubishana naye.

Gombe, hifadhi ya sokwe, ipo kaskazini, haina barabara, unaenda kwa maji tu. Njia ya bei rahisi ni boti za abiria za Kibirizi zinazoelekea vijiji vya mpakani na Burundi, zinakushusha Kasekela ndani ya hifadhi, ila zinajaza watu na mizigo na hazina haraka, na Jumapili usizitegemee. Dai jaketi la kuokolea kabla hujapanda, sio mkiwa katikati. Kama mko kundi changeni mkodi boti, muondoke alfajiri ziwa likiwa bado limelala. Kiingilio cha hifadhi kinalipwa kwa kontrol namba au kadi, malizeni mjini kabisa wakati mtandao upo. Ukiwa na mafua hutaruhusiwa kwenda kwa sokwe, magonjwa yetu yanawaua, lakini maporomoko ya Kakombe unaweza kwenda na ni mwendo wa kawaida tu msituni. Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, ni safari nyingine kabisa, mbali kusini na ghali, kama una siku chache achana nayo.

Kwa mito mi ningekwambia Uvinza kuliko mdomoni mwa mto. Ruchugi inakutana na Malagarasi karibu na hapo, na chemchemi za maji ya chumvi zimetumika kutengeneza chumvi zaidi ya miaka elfu moja, watu wengi wanaila tu hawajui inatoka wapi. Ukija kwa basi la Tabora unapita daraja la Kikwete juu ya Malagarasi, kaa dirishani, hasa mvua zikiwa zimenyesha, yale maji yanatandaza sio mchezo.

Ujiji nusu siku inatosha, daladala zipo muda wote, unaona pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 afu unatafuta mama ntilie akupe ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa mawese.

Dagaa wa kubeba nunua siku ya mwisho, shika uone wamekauka kweli, wakiwa na unyevu wataoza njiani. Wafunge kwenye mifuko miwili mitatu, afu kwenye treni kawaweke mbali na begi la nguo.