Jinsi ya Kusoma Matabaka ya Mashapo Kando ya Ziwa Albert

Anayetaka kuelewa namna mashapo, yaani changarawe, mchanga na tope vinavyobebwa na maji, yanavyotulia katika ziwa la bonde la ufa na aanze na ufa wenyewe kabla ya maji. Ziwa Albert limelala kati ya kuta mbili za miamba ya kale, mmoja Uganda na mwingine Kongo, na sakafu iliyo kati yake imekuwa ikididimia kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana ziwa hili, ambalo hata penye kilindi halifiki mita 60, limekalia mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa.

Kisha uliza mzigo unatoka wapi. Wengi hudhani ukuta ulio karibu ndio unaolisha ziwa, kumbe kuinuka kwake kumeyageuza maji mengi yakaelekea upande mwingine, kama Mto Kafu unaokwenda kuungana na Nile. Vijito vinavyoteremka genge ni vifupi na vya kasi, navyo humwaga mawe na changarawe pale pale chini ya mteremko. Mleta mzigo mkubwa ni Mto Semliki, unaokusanya maji ya Rwenzori, mlima wenye urefu wa mita 5,109, na kuyaingiza ziwani kutoka kusini: kasi inapokufa mlangoni, mchanga hutua kwanza, na tope jepesi husafiri hadi kwenye maji matulivu.

Sasa nenda Kaiso, ufukweni upande wa Uganda, ambako mashapo ya kale yameinuliwa yakaonekana nchi kavu. Chagua korongo lenye ukuta safi usioning'inia, uanze chini kupanda juu, kwa kuwa tabaka la chini ndilo lililotangulia, na usugue chembe za kila tabaka kati ya vidole. Mawe yenye kona kali hayakusafiri mbali. Mchanga wenye mistari iliyoinama ulisukumwa na maji yaendayo. Udongo laini wa kijivu, wenye mistari myembamba, ulishuka polepole mahali pasipo mawimbi. Utakutana pia na tabaka jembamba jekundu la chuma lililojaa makombe ya konokono. Hilo, kwa maoni yangu, linastahili muda kuliko yote, ila visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale kama makombe hayo, viachwe mahali pake, kwani kombe lililong'olewa bila kuandikwa tabaka lake halimfai mtafiti yeyote.

Ukiona udongo laini umekaa juu ya mchanga, usikimbilie kusema mvua ziliongezeka na ziwa likapanda, kwa sababu sakafu ikididimia ghafla huacha alama iyo hiyo. Fuata tabaka hilo kando, upime unene wake mahali kadhaa: likienea mbali kwa unene ule ule, shuku mvua, likizidi kunenepa kadiri unavyoukaribia mpasuko wa miamba ambao sakafu huteremka kando yake, basi ardhi ndiyo iliyozama.