Bati la alumini kati ya ekzosi na mauntingi

Unapobadilisha injini, na ekzosi ikaja kupita karibu na mauntingi (kishikizo chenye raba kinachobeba injini), kata kipande cha bati la alumini na ukifunge kwa bolti kwenye chesisi, ukiacha mwanya wa upana wa kidole kila upande. Usikifunge kwenye ekzosi yenyewe: bati hurudisha joto linalomulika na hewa ya mwanyani hupoza linalobaki, ilhali chuma kilichoshikana na chuma hupeleka joto moja kwa moja hadi kwenye raba. Kabla hujafunga boneti, tikisa injini kwa mtaimbo uhakikishe bati haligusi kitu. Katika foleni ndefu ya feri ya Likoni hewa haitembei, hivyo kinga hupungua nguvu. Na gasketi ya ekzosi ikivuja, au oili ikidondokea raba, bati halitaiokoa.