Bajeti ya kompyuta ya gemu: taja gemu kwanza, bei baadaye

Nafunga kompyuta za gemu Kariakoo, na karibu kila mteja huingia na swali moja: "Fundi, kwa milioni mbili napata nini?" Simjibu mpaka aniambie anacheza nini, na kwenye kioo gani. Kwa pesa hiyo hiyo mmoja atatoka na chenji, mwingine atarudi baada ya mwezi analalamika mashine inagandaganda.

Hatua ya 1: Andika gemu tatu

Ziwe zile utakazocheza kila wiki, siyo zile unazozitamani YouTube. Mtu wa Valorant na GTA V, iliyotoka kwenye PC mwaka 2015, hahitaji mashine ya mtu wa Cyberpunk 2077. Fungua ukurasa wa kila gemu kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, au kwa watengenezaji wake, usome mahitaji yanayopendekezwa. Yale ya chini kabisa yaache, hayo ni ya kuifanya gemu iwake tu.

Hatua ya 2: Chagua kioo kabla ya boksi (kompyuta yenyewe)

Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli kama milioni 2. Cha 4K kina zaidi ya milioni 8, yaani kadi ya michoro inachora mara nne kwa kila fremu, yaani kila picha moja. Na kioo cha hertz 60 hakiwezi kukuonyesha zaidi ya picha 60 kwa sekunde hata kadi ikitoa 200. Kwa bajeti nyingi ninazokutana nazo, 1080 ndiyo mahali pa kusimama, na ukipata kioo cha hertz 144 cha mtumba kisicho na mistari, kichukue.

Hatua ya 3: Toa kwanza vya nje ya boksi

Hapa ndipo bajeti nyingi zinapovunjika. Kwenye milioni 2 mimi hutenga hivi: kioo laki 2 na nusu, UPS laki 2, kibodi, mausi na hedifoni laki 1, gemu na bando laki 1, akiba laki 1 na nusu. Boksi linabaki na milioni 1 na laki 2. Watu hunibishia kuhusu UPS, ile betri inayoshika mashine umeme ukikatika. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya boksi, ndiyo inayopokea kipigo, na ikifa vibaya inaondoka na madabodi, ubao mkuu wa mashine. Bando nalo lihesabu, maana GTA V peke yake inapita GB 100.

Usiisahau LUKU. Mashine ya wati 300 ikichezewa saa 4 kwa siku inakula uniti 1.2, sawa na uniti 36 kwa mwezi. Kama nyumbani mko D1, daraja la TANESCO la watumiaji wadogo, kwenye uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, karibu nusu imeondoka. Ongea na mwenye nyumba kabla hujanunua.

Hatua ya 4: Gawa pesa ya boksi

Asilimia 40 hivi iende kwenye kadi ya michoro. Kwenye mfano wetu ni laki 4 na elfu 80, na hapo natafuta RX 6600 au RTX 3060 iliyotumika. Prosesa, ubongo wa mashine, ya daraja la kati kama Ryzen 5 5600 inatosha. RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine, iwe GB 16, lakini ulizia bei siku ile ile unayonunua: tangu mwishoni mwa 2025 imepanda sana, viwanda vikiwahudumia kwanza wenye vituo vya data vya akili mnemba. Bei uliyoambiwa mwaka jana haikusaidii.

Hatua ya 5: Kama pesa ni ndogo, mtumba wa ofisini, ila kwa macho mawili

Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizotoka maofisini ni mashine imara. Shida ni kwamba pawasaplai zake ni ndogo, na nyingi zina umbo lake pekee, huwezi kubadilisha kirahisi. Nimeshapokea wateja walionunua RX 580, kadi ya wati 185, halafu hakuna hata waya wa kuiwasha. Humo weka GTX 1650: matoleo yake mengi yanakula wati 75 na hayahitaji waya wa ziada. Boksi likiwa lile jembamba, tafuta kadi ya kimo kifupi (low profile).

Angalia pia kizazi cha prosesa. Windows 10 ilimaliza muda wake wa masasisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha 8. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vilivyomo kwenye mashine yenyewe. Core i5 ya kizazi cha 6 inaweza kuwa rahisi kwa laki moja na bado ikakufungia gemu uliyoinunulia.

Hatua ya 6: Jaribu, ndipo ulipe

Nenda na gemu yako kwenye diski ya nje. Icheze dukani nusu saa nzima, programu ya kupima joto ikiwa wazi pembeni. Kadi ikipita nyuzi 85, ikitoa madoa kwenye picha au mashine ikijizima, mrudishie muuzaji. Akikataa usijaribu, ondoka na pesa yako mfukoni, duka la pili liko hatua kumi mbele.