SOMO: Kubadilisha betri ya saa ya mkononi mwenyewe nyumbani bila kuiua

Wakuu salaam. Hili naandika mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma hapa tu. Karibu kila wiki kuna mtu ananiambia saa yangu imesimama nifanyeje, nikimuuliza ni saa gani ananijibu "ile nyeusi". Sasa hizi saa zetu za kila siku, za mishale zilizoandikwa Quartz usoni na zile za namba za plastiki kama Casio F-91W, ikisimama mara nyingi ni betri imeisha basi, mashine ndani nzima kabisa. Lakini watu wanazitupia kabatini au wanampa mtoto achezee, na mimi hilo linaniuma kweli maana saa hiyo ingetembea miaka mingine kwa betri ndogo kuliko kifungo cha shati.

Saa za kujaza na za otomatiki hazina betri, hizo haziko kwenye somo hili. Usije kuniuliza ya kwako inakula betri namba ngapi wakati inatembea kwa kutikiswa mkono.

1. JUA BETRI YAKO. Fungua kwanza, soma namba kwenye betri ya zamani, ndo uende dukani. Usiende dukani na maneno "ile ndogo ya duara". Za mishale nyingi zinatumia SR626SW, ambayo pia inaitwa 377, ni kitu kilekile. F-91W inatumia CR2016. Herufi za mbele ndo za kuangalia: SR ni ya silva oksaidi, inatoa volti 1.55 na inashikilia hapohapo karibu mpaka inaisha. LR ni alkalaini, inaanza na 1.5 halafu inashuka taratibu, na ikikaa muda mrefu inapenda kuvuja. Saizi ni moja ndo maana wauzaji wengi wanakupa LR badala ya SR, inaingia vizuri na saa inatembea, ukirudi baada ya miezi unaambiwa saa yako mbovu. Kwenye CR, tarakimu mbili za kwanza ni upana kwa milimita na mbili za mwisho ni unene, yaani 2016 ni upana 20 na unene 1.6, na 2032 ni unene 3.2. Usilazimishe 2032 kwenye nyumba ya 2016.

2. VIFAA. Bisibisi ndogo ya saa, kibano cha plastiki, kitambaa cheupe, sahani. Kitambaa kiwe cheupe kweli, skrubu ikidondoka kwenye zulia la maua hutaiona tena.

3. KUFUNGUA. Geuza saa uangalie mgongo. Ukiona skrubu nne ndogo pembeni, fungua kwa bisibisi. Kama ni laini, hauna skrubu wala vidimbwi, tafuta mwanya mdogo kwenye ukingo, ingiza ncha ya kisu kidogo kisicho na makali uzungushe, usichokonoe. Kama una vidimbwi kuzunguka ukingo huo unafunguka kwa kuzungusha, na bila kifaa chake unaweza kujaribu mpira mdogo wa kuchezea, ukandamize kwa nguvu uzungushe kinyume na saa. Ikigoma peleka kwa fundi.

4. Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu.

5. TOA BETRI, WEKA MPYA. Vilevile kama ilivyokuwa kwenye picha. Usibane betri juu na chini kwa kibano cha chuma, unaipiga shoti. Kwa F-91W na ndugu zake, ukishaweka betri tafuta alama ya AC kwenye mashine, chukua kibano cha chuma (hapa ndo cha chuma kinahitajika), gusisha hapo kwenye AC na juu ya betri kwa pamoja sekunde kama mbili. Usipofanya hivyo skrini inaweza kubaki tupu au kuonyesha takataka ukadhani umeiua.

6. RINGI YA MPIRA. Hapa someni taratibu. Kati ya mgongo na mwili wa saa kuna ringi nyembamba nyeusi ya mpira, hiyo ndo inazuia maji. Mwaka 2014 nilibadilisha betri ya saa ya mzee wangu, saa ya mishale aliyokuwa nayo tangu anafundisha. Nikafungua vizuri, betri sahihi, kila kitu safi. Wakati wa kufunga ringi ilikuwa imejikunja upande mmoja sikuiona, mgongo ukagoma kidogo, mimi nikakandamiza kwa kidole gumba mpaka ukalia "ta!". Saa ikatembea, nikamrudishia. Masika ikaingia, mzee akawa anashinda shambani na mvua yake, siku moja akaona ukungu ndani ya kioo, akanyamaza maana hakutaka kunisumbua. Nilipoifungua baada ya wiki mbili nilikuta gia zimeshika kutu na pale betri inapokaa pana ukijani. Haikutengenezeka. Ipo kwenye droo yake mpaka leo na haitembei. Kwa hiyo, MGONGO UKIGOMA USIKANDAMIZE, fungua uangalie ringi. Ilaze ndani ya mfereji wake mzunguko wote, ipitishe kidole, hakuna sehemu inayotakiwa kuinuka. Ikiwa imekakamaa au imekatika tafuta nyingine, mafundi wanazo za saizi nyingi. Ipake grisi ya silikoni kidogo sana, ing'ae tu. Usipake vaseline, wala mafuta ya cherehani, wala ya kula, kuna mipira inavimba. Na hata ukifanya yote hayo, saa iliyofunguliwa nyumbani bila kupimwa na mashine ya presha ihesabu kuwa haizuii maji, hata kama mgongoni imeandikwa mita 30. Hiyo 30 yenyewe hata ikiwa mpya maana yake ni mvua na kunawa mikono, sio kupiga mbizi.

7. Funga. Skrubu kaza kwa mshazari kidogokidogo, sio moja mpaka mwisho ndo uende nyingine.

8. REKEBISHA SAA. Kama ina tarehe usiibadilishe mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, muda huo gia ya tarehe inakuwa imeshikana. Peleka mishale kwenye 6 kwanza, weka tarehe, halafu urudi kwenye saa.

Maswali karibuni, ila someni kwanza.

Haraka Haraka: mkuu nimeweka betri mpya bado haitembei

Mwandishi: Betri namba ngapi? Saa gani?

Haraka Haraka: sikuangalia namba, muuzaji kanipa inayofanana. saa ni ya mishale

Mwandishi: Hatua ya 1. Ukishasoma namba rudi.

Haraka Haraka: sasa si ungesema tu tatizo nini

Mwandishi: Ndugu yangu bila namba mimi nabahatisha. Angalia pia kile kidude cha pembeni cha kuvuta, kikiwa kimevutwa nje saa haitembei hata betri ikiwa nzima.

Haraka Haraka: kilikuwa kimevutwa. imetembea

Mwandishi: Sawa. Namba ya betri bado isome, ukipewa LR utarudi hapa.

Mtoto wa Mjini: Mimi naona mnajisumbua, siku hizi simu inaonyesha saa na tarehe na hali ya hewa, ya nini kuvaa chuma mkononi?

Mwandishi: Kama simu inakutosha vaa mkono mtupu, hakuna atakayekudai. Ila mimi kila siku napanda daladala asubuhi, kutoa simu kituoni ili nijue ni saa ngapi ni kumuonyesha mtu mfuko ilipo. Mkono nageuza tu. Simu inalala na chaji lakini F-91W kiwandani wanaihesabia miaka saba kwa betri moja, na ina gramu 21, unasahau kama umeivaa. Na nikitoa simu kuangalia saa nakutana na meseji tatu, nikiirudisha mfukoni saa yenyewe sijaiona. Hilo sikulisoma popote, ndo maisha yangu.

Nesi wa Zamu: Huyo kaka hapo juu aje wodini tumpe mgonjwa wa kuhesabu mapigo kwa simu. Sisi tunahitaji mshale wa sekunde, unashika mkono wa mgonjwa huku macho yako kwenye saa, sekunde 30 unazidisha mara mbili. Mimi naivaa ya kubana kifuani, inaning'inia kichwa chini ili nikiitazama nione sawa, mikono inabaki huru kunawa. Swali langu, jana mshale wa sekunde umeanza kuruka, unasimama halafu unapiga sekunde mbili kwa mara moja. Ndo imekufa?

Mwandishi: Dada asante kwa swali hili, kaa nikueleze vizuri maana wengi wanapaniki. Haijafa, inakuaga kistaarabu. Mashine nyingi zimetengenezwa hivyo, betri ikikaribia kuisha inaacha kupiga sekunde mojamoja inaruka mbili mbili, kuna nyingine zinaruka nne nne, ili kukupa taarifa. Muda bado inasoma sawa, mapigo ya mgonjwa hayataharibika ukihesabu nusu dakika kamili. Ila usingoje isimame, badilisha wiki hii, betri iliyokufa ikikaa ndani ndo inavuja. Na kama una saa nyingine huivai, vuta kile kidude cha pembeni, utaokoa betri nyingi.

Nesi wa Zamu: Barikiwa. Jumamosi niko off nitaifanya.

Kidato cha Nne: Shikamoo mkuu. Naomba kuuliza, kwanini saa ya bei rahisi inakwenda sawasawa kuliko ya babu ya kujaza ambayo ilikuwa ya gharama?

Mwandishi: Marahaba mwanangu, hili ndo swali zuri kuliko yote hapa. Ndani kuna kijiwe cha kwatzi kimechongwa kama uma mdogo. Betri ikikipa umeme kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Sasa chukua hiyo namba uigawe kwa mbili, jibu lake ugawe tena kwa mbili, fanya hivyo mara 15 uone unabaki na ngapi.

Kidato cha Nne: 1! Nimefanya kwenye daftari.

Mwandishi: Ndo hiyo sekunde yako. Saketi inafanya huko kugawa, mwisho inatoa pigo moja kwa sekunde, mshale unasogea. Saa ya babu inategemea gurudumu linalocheza mara chache tu kwa sekunde, likiguswa na joto au mtikisiko linayumba. F-91W wanaruhusu ipishane sekunde 30 kwa mwezi. Saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuuzwa ilikuwa Seiko Astron, Japani, Desemba 1969, na ilikuwa ghali mno. Leo unaipata teknolojia hiyohiyo kwa machinga.

Mpemba wa Muscat: Assalaam alaykum. Huku joto likipanda nikiiacha ile ya namba kwenye dashibodi ya gari, skrini inakuwa nyeusi yote. Nibadilishe betri?

Mwandishi: Waalaykum salaam. Hapana sheikh, hilo ni joto. Iweke kivulini ipoe, itarudi yenyewe. Ila usiizoeshe, joto linakula betri na ringi.

Mpemba wa Muscat: Shukran. Watoto wangu huku mshale ukiwa kwenye 7 asubuhi wanasema saa saba, mama yao anawakemea kila siku, ni saa moja. Marehemu babu alimaliza ugomvi, saa yake aliigeuza kabisa ikawa saa moja mshale uko kwenye 1.

Mwandishi: Babu yetu sisi naye alifanya hivyo hivyo! Ukiiazima unachelewa masaa sita.

Fundi Mtaani: Somo zuri ila nyie mnatunyima riziki.

Mwandishi: Fundi nakuheshimu, nimeandika mara mbili humo watu waje kwako. Wewe waambie tu wenzio waache kuweka LR.

Fundi Mtaani: Hapo tuko pamoja. Niongezee: kioo cha plastiki kikichubuka, dawa ya meno nyeupe na kitambaa laini, sugua kwa mduara dakika tano, mikwaruzo midogo inaondoka. Kioo cha kioo usijaribu, haisaidii. Na mkanda unaonuka, toa pini, loweka kwa maji ya sabuni, piga mswaki wa zamani.

Asali Chungu: Mimi nimefuata kila kitu kwenye F-91W, inatembea vizuri ila alamu hailii.

Mwandishi: Ulipofungua uliona kispringi kidogo sana kimesimama kwenye mashine? Hicho ndo kinapeleka umeme kwenye mgongo, na sauti inatokea mgongoni. Kikidondoka hakuna mlio. Kitafute kwenye kitambaa.

Asali Chungu: Nilikiona nikadhani ni uchafu nikakipuliza...

Mwandishi: Pole. Fundi wa saa anaweza kukupa cha saa iliyokufa. Picha ya hatua ya 4 itakuonyesha kilikaa wapi.

Nesi wa Zamu: Nimerudi. Jumamosi nimeifungua, betri ilikuwa 377, nimeweka SR, ringi nimeipitisha kidole kama ulivyosema, sasa inapiga moja moja. Ila ndani ya mgongo nimekuta vimaandishi vimekwaruzwa, "3/09" na pembeni kama herufi K, halafu chini "11/13". Saa hii aliniachia matron wetu alipostaafu. Ni nini?

Mwandishi: Hao ni mafundi waliomfungulia matron wako, wanakwaruza mwezi na mwaka wa kubadilisha betri ili ikirudi wajue imekaa muda gani. K itakuwa alama ya fundi mwenyewe. Siku ukiifungua tena chukua ncha ya sindano uandike wa kwako chini yao, herufi ndogo, na usifike ukingoni pale ringi inapolala.