Kabla ya Kununua Mtoto wa Mbwa Mwenye Upele

Mfugaji akikuambia "ni mba tu, itaisha akikua," usitoe pesa bado. Upele wa mbwa huletwa na utitiri, vijidudu vidogo sana vya ngozi, na hatari yake hutegemea ni utitiri gani. Sarcoptes huchimba ndani ya ngozi, huwasha vikali, na huhamia kwa mbwa wengine na kwa watu. Demodex huishi kwenye mashina ya manyoya. Mama humpa mwanawe utitiri huu wakati wa kunyonya siku za mwanzo, na haumwambukizi binadamu.

Vaa glavu, kisha kagua kingo za masikio, viwiko, visigino na tumbo. Ukoko sehemu hizo pamoja na kujikuna kusikokoma ni dalili ya Sarcoptes. Sugua ukingo wa sikio kwa vidole viwili: mguu wa nyuma ukianza kupiga kana kwamba anajikuna, shaka inaongezeka. Demodex huacha mabaka yasiyo na manyoya kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele, na mara nyingi hayawashi mpaka bakteria waingie.

Omba kumwona mama na ndugu zake wote. Wakiwa safi, usitulie mapema, kwa sababu Sarcoptes inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha dalili.

Uliza pia ameshapewa dawa gani, na lini. Sindano ya steroidi hutuliza mwasho kwa siku chache, zinazotosha kumwuza, huku ikidhoofisha kinga na kuuacha Demodex utambae mwili mzima. Kuna wanaopaka oili chafu ya injini. Hiyo ni sumu: mbwa huifyonza kupitia ngozi na kuilamba.

Daktari wa mifugo awe uliyemchagua wewe. Atakwangua ngozi kwa wembe mpaka damu ianze kuchungulia, kisha aangalie kwa hadubini. Akishuku Demodex huibana ngozi kwanza. Jibu la "hakuna kitu" halimwondoi Sarcoptes, maana hukosekana mara nyingi kwenye kipimo, na madaktari wengi huanza tiba kwa dalili pekee.

Mabaka machache ya Demodex kwa mbwa mchanga kwa kawaida hupona yenyewe. Yakienea mwilini, jambo ni zito: usaha, tezi kuvimba, homa, na tiba ya miezi mpaka vipimo viwili vilivyopishana mwezi mmoja vitoke bila utitiri. Udhaifu wa kinga unaouacha Demodex uenee hivyo hurithiwa, hivyo mbwa huyo asizalishwe kamwe, na mfugaji anayeendelea kumzalisha mama yake hafai kuaminiwa.

Ukimchukua mwenye Sarcoptes, mtenge, na mbwa wote wa nyumbani watibiwe siku moja, hata wasiojikuna. Matandiko yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60. Watu huota vipele vyekundu mikononi na tumboni. Utitiri wa mbwa haudumu kwa binadamu, lakini utawarudia mradi mbwa hajapona.

Usimchome ivermectin ya ng'ombe, dawa ya minyoo na utitiri. Kipimo chake ni rahisi kuzidi kwa mwili mdogo, na mbwa wa ukoo wa Collie wenye hitilafu ya MDR1, jeni inayozuia dawa kuingia ubongoni, hutetemeka, huzimia na hata kufa. Dawa ipimwe kwa uzito wa mizani na kwa umri. Selamectin, kwa mfano, dawa ya utitiri ya kudondoshea ngozini, haitumiki kabla ya wiki 6.