Kusimamia Usafi wa Kinywa cha Mzee kwa Njia ya Simu

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaishi Mbezi au Kigamboni ilhali wazazi wao wako Mbagala au Temeke, na foleni ya jioni haimruhusu mtu kwenda kila siku kuangalia kama baba amevua meno ya bandia kabla ya kulala. Sehemu kubwa ya kazi hiyo simu inaiweza, mradi ipangwe.

Kwanza fahamu mzee anatumia simu gani. Mwenye kitochi apigiwe. Mwenye simu janja atumiwe ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, kwa kuwa maandishi madogo huwasumbua wenye macho hafifu, na sauti ya mjukuu inayoanza kwa shikamoo husikilizwa kuliko bango lolote. Ujumbe usizidi dakika moja na ubebe jambo moja tu.

Siku moja mkumbushe kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, kwa muda wa dakika mbili, kisha ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Siku nyingine zungumzia meno ya bandia: yavuliwe usiku, yasuguliwe kwa mswaki na sabuni isiyo kali, yalowekwe katika maji ya kawaida, kwani maji ya moto huyapinda.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kukauka kwa kinywa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hupunguza mate, na mate yakipungua meno huoza upesi, hasa kwenye mizizi iliyoachwa wazi na fizi zilizoshuka. Mzee naye hujituliza kwa soda au pipi, akazidisha tatizo. Mshauri anywe maji kidogo kidogo, wala asiache dawa kabla ya kuzungumza na daktari wake. Mwenye kisukari asisitiziwe zaidi, maana sukari isiyodhibitiwa hudhuru fizi, na fizi zinazougua huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa.

Mara moja kwa mwezi piga simu ya video mchana, mzee akiwa ameelekea dirishani, na aliye karibu naye amulike kwa tochi pande za ulimi, chini yake na ndani ya mashavu. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, uvimbe, au doa jeupe au jekundu lisilofutika ni sababu ya kumpeleka kwa daktari wa meno, hasa kwa anayetumia sigara, ugoro au tambuu. Picha haitoshi kutambua ugonjwa, na isipigwe bila ridhaa yake, sembuse kurushwa kwenye kundi la ukoo.

Wauzaji wa unga wa kung'arisha meno mtandaoni wapuuzwe. Anayejitambulisha kuwa daktari ahakikiwe kwanza kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Mwombe mzee akujibu kwa sauti, aeleze alichofanya. Zikipita siku tatu kimya, panda daladala.