Kabla hujafungua mfuniko wa saa wa kuzungusha: mambo ya kuzingatia

Nyuma ya saa ya mkononi ya Seiko 5 aliyoniachia marehemu baba kuna mkwaruzo uliopinda kama mwezi mchanga. Unaanzia kwenye kipengo kimoja cha mfuniko, unakatiza juu ya namba ya mfululizo ya saa na kuishia ukingoni. Niliutia mimi, kwa ncha ya mkasi, jioni moja nyumbani Bombo, nilipotaka kujua kwa nini saa inachelewa. Mzee aliivaa miaka yote ya jeshini hadi kustaafu, na mfuniko ulikuwa bado unang'aa. Tangu hapo nimefungua saa nyingi za ndugu na majirani, na nimejifunza kwamba kufungua kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Kinachookoa saa ni nusu saa inayotangulia.

Anza kwa kuutazama mfuniko vizuri, kwa sababu si kila saa inafunguliwa kwa kuzungushwa. Ukiona parafujo ndogo nne kwenye pembe, kama zilizo nyuma ya Casio F-91W, unachohitaji ni bisibisi ndogo tu. Ukiona mfuniko laini wenye mdomo mdogo upande mmoja, huo umebanwa kwa kusukumwa, nao hutolewa kwa kisu maalumu cha saa. Wa kuzungusha una vipengo vilivyochongwa kuuzunguka, mara nyingi sita, wakati mwingine viwili tu. Mingine, kama ile ya Rolex, ina meno madogo ukingo mzima na inataka kifaa chake chenyewe. Watu wengi wameharibu saa kwa kulazimisha kuzungusha mfuniko usiozunguka.

Ukiwa bado unautazama, upige picha. Maandishi ya nyuma ni kama cheti cha kuzaliwa cha saa. Kwenye Seiko nyingi, tarakimu ya kwanza ya namba ya mfululizo ni ile ya mwisho ya mwaka ambao saa ilitengenezwa, na ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa O, Novemba N na Desemba D. Mkwaruzo wangu umepita juu ya hiyo tarakimu ya pili. Hata nikiiweka chini ya lenzi, siwezi tena kusema saa ya baba ilitoka kiwandani mwezi gani.

Kisha safisha. Hapa Uganda vumbi letu jekundu likichanganyika na jasho hugandamana ndani ya vipengo likawa gumu kama udongo wa kichuguu. Likibaki humo, ncha ya spana ya kufungulia haiingii hadi mwisho, inakaa juu juu, na ukizungusha tu inaruka. Chokoa kwa kijiti cha meno, piga kwa mswaki mkavu wa zamani, halafu pangusa kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa spiriti kidogo. Usisuuze kwa maji, maana hujui hali ya mpira wa ndani unaozuia maji. Usafi huu usiuruke hata kama una haraka: chembe ya mchanga ikinaswa chini ya tepu utakayobandika, tepu yenyewe inakuwa msasa.

Baada ya hapo bandika tepu. Mimi napenda ile ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, kwa kuwa haiachi gundi kama selotepu. Weka tabaka mbili au tatu juu ya mfuniko wote na ukingo wa kasha, yaani mwili wa saa, kisha kata kwa wembe pale penye vipengo tu, ukiukandamiza wembe juu ya tundu, si juu ya chuma kinachong'aa. Halafu chora kwa kalamu mstari mfupi unaovuka kutoka kwenye mfuniko hadi kwenye kasha. Mstari huo utakuonyesha baadaye mfuniko ulikuwa umekazwa kiasi gani.

Sasa kifaa, na hapa niombe uvumilivu wako, maana ndipo saa nyingi zinapoumizwa. Mkwaruzo hutokea kifaa kinapoteleza, nacho huteleza kwa sababu hakikulingana na kipengo. Mkasi hauna sura ya kipengo. Koleo la ncha ndefu pia halina. Spana ya saa yenye miguu mitatu ndiyo salama zaidi kwa mtu wa nyumbani, kwa kuwa miguu mitatu hushika katikati yenyewe, ilhali ile ya miwili huhitaji jicho kali na mkono usiotikisika. Huja na ncha za aina kadhaa: za duara, bapa na zilizochongoka. Chagua inayojaza kipengo pande zote bila kupanda juu ya mfuniko. Zishike ncha mpya na uzipitishe kwenye ukucha. Ukisikia zinakwaruza, zina makali yaliyobaki kiwandani, basi zisugue kwa msasa laini kwanza. Karibu hakuna anayefanya hivi, na ni kazi ya sekunde chache.

Kabla ya spana lakini, jaribu kufungua kwa mpira. Kuna mipira laini inayouzwa kwa kazi hii, ila kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokunjwa kiganjani husaidia pia, mradi kisiwe na mafuta. Kandamiza kwa nguvu, zungusha polepole. Mfuniko uliokazwa kwa kiasi mara nyingi unaachia hapo hapo, na hakuna chuma kilichogusa chuma.

Saa nayo ishikwe. Toa mkanda kwanza, hasa wa chuma, kwa sababu unaizuia saa kulala bapa. Ukikosa jiliwa (kibanio) ndogo ya plastiki ya mafundi saa, chukua kandambili kuukuu na uikate shimo lenye umbo la kasha, liwe dogo kidogo kuliko saa yenyewe, ili saa iingie kwa kusukumwa. Kioo kinaangalia chini kwenye shimo, masikio ya kasha yanabanwa na soli, saa haizunguki. Hakikisha kitufe cha kurekebishia saa hakibebi uzito wowote, maana shina lake ni jembamba na huvunjika kwa urahisi.

Chagua na wakati. Asubuhi kavu, karibu na dirisha, feni ikiwa imezimwa. Msimu wa mvua hewa inajaa unyevu, na unyevu utakaofungia ndani utauona baadaye kama ukungu kwenye kioo. Andaa bakuli safi la kioo la kuifunika mashine ya saa ukiitwa mlangoni. Kama unabadilisha betri, iwe tayari pale mezani, ya namba ile ile. SR626SW, kwa mfano, ina kipenyo cha milimita 6.8 na unene wa 2.6, na volti 1.55. Usiishike kwa kibano cha chuma kikigusa pande zote mbili, na ya zamani itunze mbali na watoto: ikimezwa huunguza koo, na hilo ni la hospitali mara moja.

Andaa vilevile mpira mwembamba wa kuzuia maji, ambao mafundi huuita oringi, pamoja na grisi kidogo ya silikoni. Wa zamani ukishakauka au kuwa bapa, kuurudisha ni kujidanganya. Na hata ukiweka mpya, saa iliyoandikwa mita 50 au 100 usiingie nayo ziwani mpaka ipimwe kwa mashine ya presha.

Kuna saa zisizofaa kufunguliwa nyumbani kabisa. Saa za kabla ya miaka ya 1960 ambazo namba zake zilipakwa rangi ya kung'aa gizani zinaweza kuwa na radiamu, na vumbi la rangi hiyo si la kuvuta puani. Mfuniko ulioshikwa na kutu pia uache. Wapo wanaoupasha moto wa kibiriti au kumwagia mafuta ya kulainisha chuma. Moto hukaanga mpira, na mafuta hupenya ndani hadi kwenye mashine.

Yote yakiwa tayari, elekea kinyume na mwendo wa akrabu. Sukuma chini kwanza kwa uzito wa bega, ndipo uzungushe; nguvu ya kwenda chini iizidi ile ya kuzungusha. Nimejiwekea mipaka ya majaribio matatu. Mfuniko ukikataa mara ya tatu, mpelekee fundi mwenye mashine ya mezani ya kufungulia, umpe saa ikiwa na tepu yake na umwombe asiibandue.

Wakati wa kufunga, weka mfuniko bapa na uuzungushe kwanza kinyume, taratibu, mpaka usikie unadondoka kidogo kwenye hesi, ile mikunjo ya kukazia. Hapo ndipo unaanza kukaza, kwa vidole, kisha kwa spana. Vipande viwili vya ule mstari wa kalamu vikikutana tena, simama. Bandua tepu polepole ukiivuta kuelekea ukingoni, na uutazame mfuniko kwenye mwanga wa dirisha.